Ruzuku ya wakulima wakati wa korona: alolipwa ni aloandikwa, na sisi wa Mombasa hatukuwa kwenye karatasi

mfugaji_mwakirunge

Asalam aleykum wanajamvi. Uzi huu mrefu, mniwie radhi, lakini jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu 2020 na juzi limefufuka. Nlikuwa natoa vitu kwenye kabati, mchwa washaingia, nikakuta daftari langu la mwaka ule. Nikakaa pale pale sakafuni kusoma. Ukurasa wa tarehe 2 Aprili nimeandika "trei 11 za mayai, zimeuzwa 2". Kesho yake "trei 11, imeuzwa 1". Halafu pana siku sita sikuandika kitu, na nakumbuka ni kwa nini, sikuwa na moyo wa kushika kalamu.

Mimi nafuga kuku wa mayai huku Mwakirunge, wakati ule nlikuwa nao 420. Mayai karibu yote yalikuwa yaenda hoteli za ufuoni, Shanzu na Bamburi, kupitia broka mmoja alokuwa akija na pikapu kila baada ya siku mbili. Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020. Kufika mwisho wa mwezi wageni hakuna, jikoni za hoteli zimezimwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia. Broka akanipigia akaniambia kaka usinitayarishie, nitakuambia. Hakuniambia tena.

Sasa kuku yeye hajui kuna kafyu, ataga tu. Kuku 420 wala gunia la kilo 70 halifiki siku mbili, kwa wiki ni magunia matano na ushei, na gunia nlikuwa nanunua 2,200. Trei nlozoea kuuza 300 nikawa nauza 180 mlangoni kwa majirani ambao na wao kazi zishasimama, kwa hivyo nusu ya hizo ni deni. Trei zikapanda sebuleni mpaka usawa wa dirisha. Mke wangu akawa aamka usiku na ndoo ya maji anayapima moja moja, lilolala chini zima, lilosimama wima la kuliwa leo, lilofloti la kutupwa. Nlimkuta saa nane usiku amekaa kwenye kigoda, mkono umo ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, analia kimya kimya na bado anapima. Wiki ya tatu nikauza kuku 180 wa nyama kwa bei ya kutupa, kuku ambao walikuwa katikati ya kutaga.

Haya. 23 Mei, Ramadhani iko ukingoni, nlikuwa bandani nafagia na redio nimeitundika kwenye msumari, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza mpango wa kuinua uchumi, bilioni 53.7. Nikasimamisha ufagio. Kilimo kikatajwa: bilioni 3 za pembejeo, yaani mbegu na mbolea, kwa vocha za simu, kwa wakulima wadogo 200,000, na bilioni 1.5 za kusaidia wakulima wa maua na mazao ya bustani wafikie soko la nje. Nikapiga hesabu pale pale kwenye ukuta kwa mkaa, bilioni 3 ukigawanya kwa watu 200,000 ni 15,000 kwa kila mmoja. Kwangu mimi 15,000 ni chakula cha siku tisa cha wale kuku wote 420 nlokuwa nao kabla sijauza. Si nyingi lakini zingenivusha mahali.

Nikaenda ofisi moja, siitaji, kuuliza najiandikisha wapi. Kijana wa mezani hakuwa na ubaya, aliniuliza tu maswali yaliyokuwa kwenye fomu yake. Ekari ngapi? Zao gani? Hati ya shamba iko? Mimi ekari sina, nina banda kwenye kiwanja cha babu ambacho hati yake hatujaiona tangu nizaliwe, na mnajua hii habari ya ardhi Pwani, si mimi peke yangu. Akaniangalia akasema mzee, Mombasa hamlimi, hii ni ya wakulima. Wallahi maneno yale bado nayasikia.

Basi nililotaka kusema ni hili: ule msaada ulimtafuta alokuwa kwenye karatasi, haukumtafuta aloumia. Hoteli nazo zilitengewa bilioni 2 za mkopo nafuu wa ukarabati kwenye tangazo lile lile, kwa maana serikali iliiona hasara ya hoteli. Ila yule alokuwa akiipelekea hoteli mayai na mchicha hakuna aliyemwona, ilhali hasara ni ile ile moja, imeshuka tu ngazi mpaka kwake. Nataka kusikia wenzangu, nyinyi mlipata? Na kama hamkupata mliambiwaje?

mama_mboga_kongowea

Aleykum salam kaka. Umenitoa machozi hapo kwa mkeo na ndoo.

Mimi ni wa mboga, nauza Kongowea na nalima kidogo huku Mtwapa kwa mamangu, mchicha, mnavu, kunde na bamia. Shida yangu ilikuwa daraja, maana Mtwapa iko kaunti ya Kilifi na soko liko Mombasa. Waliposema kaunti zimefungwa walisema pia magari ya chakula yaruhusiwa, na kweli lori yapita. Lakini mimi sina lori! Mimi nalikuwa nafunga mafurushi yangu mawili ya mchicha kwenye gunia lilolowa maji, napanda matatu alfajiri, saa kumi na mbili niko sokoni. Matatu ndo hiyo haivuki tena, na bodaboda askari amwambia hii si gari ya chakula hii ni boda, rudi. Nimesimama pale Mtwapa na gunia kichwani maji yanichuruzika mgongoni, naona lori la nyanya lapita mbele yangu lapungiwa mkono. Chakula changu si chakula?

Mchicha ukikaa siku mbili umekwisha, haungoji mtu. Nlikuwa naukata nawapa mbuzi wa jirani.

Ruzuku sikuisikia hata siku moja hapa kwetu. Kitu cha pekee kilichoingia nyumbani kwangu kutoka kwa serikali ni Kazi Mtaani, mwanangu wa pili alichukuliwa kufagia na kuzibua mitaro, na ile pesa ndiyo iliyotununulia unga. Kwa hilo nashukuru na nitaendelea kushukuru. Lakini mimi ni mkulima, ningependa ningesaidiwa kama mkulima, si mpaka mwanangu ashike fagio.

afisa_mstaafu_jomvu

Ndugu mfugaji pole sana, na dada wa Kongowea pole. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi kabla sijastaafu kwa hivyo niruhusuni niseme upande wa pili, si kwa kuwapinga.

Ile bilioni 3 haikuwa fidia. Serikali haikukusudia kulipa hasara ya mtu, ilikusudia shamba la msimu unaofuata lisikae tupu. Kumbukeni 2020 nzige walikuwa washaingia nchini, na mafuriko yalikuwa mengi kwenye masika ile, na juu yake mipaka inafungwa. Hofu kubwa ilikuwa njaa. Ukiwa na hofu ya njaa unampa mtu mbegu na mbolea apande mahindi, huwezi kuanza na mayai. Ndio maana ikawa vocha, isiwe pesa mkononi.

La pili, ukisema utalipa hasara utaipimaje? Leo nikitangaza kila alopata hasara ya kuku aje alipwe, kesho Mombasa nzima itakuwa na kuku. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye misaada ya ukame, mtu aleta orodha ya mbuzi ambao hawajazaliwa. Bila rekodi hakuna afisa atakayeweka sahihi yake. Kwa hivyo tusimlaumu yule kijana, yeye alikuwa na fomu iliyoandikwa na mtu aliyefikiria shamba la mahindi.

Lakini hapo kwa "Mombasa hamlimi" nakubaliana na wewe mia kwa mia, ni kosa. Nendeni Mwakirunge, nendeni Mtongwe, Miritini, hata ndani ya Likoni, kuna watu wanalisha mji huu kwenye viwanja vidogo mno. Na kilimo tangu Katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti, kwa hivyo orodha ya watu hawa ilitakiwa iwe kwenye droo ya kaunti kabla korona haijaja.

mfugaji_mwakirunge

Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Hilo la njaa nakubali, sikuwahi kulitazama hivyo, na mtu wa Trans Nzoia kupewa mbegu mimi sina kinyongo naye kabisa, unga wake ndio nnaokula.

Ila hilo la kupima hasara naomba nibishane na wewe kwa adabu. Mimi rekodi nlikuwa nazo. Daftari lipo hapa mbele yangu lina tarehe, trei zilotoka, zilouzwa, bei, deni la nani, na M-Pesa ya broka yaonekana kwenye simu mwezi baada ya mwezi mpaka Machi halafu yakatika kama uzi. Hasara ikipimika kuliko hivyo ni vipi tena? Hakuna alonambia lete daftari, mzee. Waliniuliza ekari.

mswahili_minnesota

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mtoto wa Majengo, nafanya kazi kwenye ghala la kupakia mboga huku Marekani na nimeishi jirani na wakulima miaka hiyo yote, acheni niwaambie wao walifanyaje maana nlifuatilia sana, shemeji yangu ana kishamba.

Aprili 17, 2020 Wizara ya Kilimo ya huku ilitangaza mpango waliouita CFAP, dola bilioni 19. Bilioni 16 za kumlipa mkulima moja kwa moja, na 3 za kununua maziwa, nyama na mboga zigawiwe watu kwenye maboksi. Mei 26 maombi yakafunguliwa, yaani siku tatu tu baada ya lile tangazo la Nairobi. Na hapo ndo tofauti: hawa hawakupewa mbegu, walilipwa kwa sababu bei imeanguka. Zao likionekana limeshuka asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili basi linaingia kwenye orodha, unaenda ofisi ya kilimo ya kaunti yako unaonyesha ulikuwa na nini.

Sasa kaka mfugaji sikiliza hili. Kwenye awamu ya kwanza kuku wa mayai na mayai yao hawakuwemo! Waliandikwa wazi kabisa kwamba hawahusiki. Kwa hivyo hata huku kuna mtu alikaa na trei zake kama wewe anatazama jirani wa ng'ombe analipwa. Ila walipiga kelele, na Septemba awamu ya pili ilipokuja, ya mpaka dola bilioni 14, mayai yakaingia.

Na wa mboga kwenye hiyo awamu ya pili hawakuulizwa ekari, waliulizwa mauzo ya 2019. Mdogo anayeuza chini ya dola 50,000 kwa mwaka alilipwa asilimia 10.6 ya mauzo yake. Shemeji aliuza mboga za kama dola 20,000, ukipiga hesabu ni dola 2,120. Alipeleka risiti na daftari la soko la Jumamosi, akatia sahihi, basi. Dada wa Kongowea, wewe na mafurushi yako mawili ungehesabiwa.

Lakini msidhani huku ni peponi. Ukilipa kwa mauzo, mwenye mauzo makubwa ndiye anayebeba kubwa, na kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, hebu fikiria. Na wakulima weusi, ambao kwa miaka walinyimwa mikopo na ardhi yao ikapukutika, walitengewa dola bilioni 4 kwenye sheria ya korona ya Machi 2021 ili madeni yao na ya wenzao walobaguliwa yalipwe. Kesi zikafunguliwa na wakulima weupe, mahakama ikasimamisha malipo, na Agosti 2022 Bunge likaifuta kabisa ile sehemu. Watu walishapata barua kwamba deni lako litalipwa, wakaanza kupanga maisha. Lile lilinisikitisha mno. Wao majina yao yalikuwa kwenye karatasi, na bado hawakupata.

kadi_ya_vocha_kilifi

Mie ni mmoja wa walokuwa kwenye orodha kwa hivyo nami niseme. Tulikuwa na mradi wa vocha hapa Kilifi hata kabla ya korona, Kwale na Taita Taveta pia ulikuwako, unapewa kadi unaweka mchango wako halafu wachukua pembejeo dukani. Kadi ninayo mpaka leo.

Matatizo ni mawili. Moja, mie mihogo na minazi ndo kilimo changu, mahindi napanda kidogo ya kula. Nikifika duka la pembejeo naambiwa kuna mbegu ya mahindi, kunde, pojo na mbolea. Nataka vipando vya mihogo visivyo na ugonjwa, hakuna. Sasa nabeba mfuko wa mbolea ambao sikuuhitaji kwa sababu nisipobeba pesa yapotea. Watu wengi hapa waliuza ile mbolea barabarani, na siwalaumu.

Pili, na hili naomba mzee wa Jomvu anijibu. Tangazo tarehe 23 Mei! Pwani masika twapanda mwisho wa Machi na Aprili, mvua ikinyesha. Mei mahindi yashafika magotini. Mbegu ya kutangazwa mwisho wa Mei mie naipanda wapi? Ilikuwa ingojee vuli ya Oktoba, ambayo kwetu mara yaja mara haiji. Ile kalenda ilikuwa ya bara.

afisa_mstaafu_jomvu

Sina jibu mwanangu. Umesema kweli. Kalenda tulokuwa tukiletewa kila mwaka ilikuwa ya bara na kila mwaka tulikuwa tukiandika barua.

mama_mboga_kongowea

Mie nina swali kwa ndugu wa Minnesota. Huko majina ya walolipwa mwayaona? Maana hapa hata leo ukiniuliza kwa Mombasa ni nani alipata hiyo vocha ya 2020, simjui hata mmoja. Si kwamba nasema wameiba, nasema simjui.

mswahili_minnesota

Dada malipo ya kilimo huku watu huyachimba yakawekwa hadharani, unaweza kutafuta kaunti yako ukaona nani kapewa ngapi. Na kulikuwa na mikopo mingine ya korona ya biashara ndogo ambayo mashamba pia yalichukua, PPP, hiyo mwanzo serikali ilikataa kutoa majina yote. Magazeti yakaenda mahakamani, yakashinda, na Desemba 2020 orodha nzima ikatolewa pamoja na kiasi alichopata kila mmoja. Watu wakakuta jirani mwenye kishamba kapata kidogo na kampuni kubwa imepata mamilioni. Kelele zilikuwa nyingi lakini angalau kila mtu alikuwa anabishana na karatasi mkononi.

mfugaji_mwakirunge

Hapo ndipo. Na sisi hatuhitaji kumwomba mtu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na sheria yake ilipitishwa 2016. Orodha ya walopewa pembejeo kwa pesa ya umma ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, jina na kiasi, ikae hapo mwezi mzima. Sitaki kumfunga mtu. Nataka jirani apite aseme huyu kweli mkulima, huyu simjui, na huyu mbona hayumo.

Nimepata jumbe nyingi kwa faragha tangu jana, wengi wa kuku, wengine wa ng'ombe wa maziwa Changamwe ambao walikuwa wakimwaga maziwa. Karibu wote wanasema hawakuwahi kwenda kuuliza kwa sababu walijua wataambiwa nini. Hilo limenichoma kuliko yote. Mimi angalau nlienda nikakataliwa.

Sasa wengi mnauliza tufanye nini maana korona imepita. Imepita lakini mtindo ni ule ule, anayepata ni aloandikwa. Angalieni mbolea ya ruzuku, 2022 gunia la kilo 50 lilishushwa mpaka 3,500 na baadaye 2,500, na kuipata lazima uwe umesajiliwa kama mkulima, usajili ukapitia kwa machifu. Nani kati yetu alijisajili? Mimi sikwenda, nlisema mbolea ya nini na mimi nina kuku. Nimekosea. Siku likija janga jingine, mafua ya ndege au ukame au lolote, wataifungua ile ile orodha na hawatatafuta nyingine.

Kwa hivyo mimi nimeamua. Jumamosi saa tatu asubuhi naenda kwa chifu na kitambulisho, na daftari hili la 2020 na yalolifuata, na karatasi za M-Pesa nilizochapisha. Sitaki kusajiliwa kwa ekari, nataka waandike kuku 260, trei saba kwa siku, na kama fomu haina nafasi ya kuandika hivyo basi nitaomba waandike pembeni kwa kalamu na waweke muhuri. Barua ya kuomba orodha ya 2020 ya Mombasa nshaiandika, mzee wa Jomvu ameniahidi kuirekebisha lugha.

Walio Mwakirunge, Bamburi na Kisauni tukutane pale njia panda saa mbili na nusu tuende pamoja. Dada wa Kongowea, njoo na kitabu chako cha madeni hata kama kimelowa.

mama_mboga_kongowea

Nitakuja kaka. Kimelowa kweli lakini chasomeka.

kadi_ya_vocha_kilifi

Nyie mkimaliza huko nitumieni hiyo barua, nasi tubadilishe jina la kaunti tuipeleke.